Simbilisi Nyumbani: Matunzo Yake na Fundisho Lake kwa Afya Yetu

Tunapofundisha habari za afya, mara nyingi tunawataja wanyama wa jamii ya panya ili kuwaonya watu. Panya wa nyumbani hula unga, huchafua maji kwa mkojo wake, na viroboto wake waweza kuleta tauni. Lakini katika jamii hiyohiyo yuko mnyama mmoja mpole, asiyepanda ukuta wala kutoboa gunia, ambaye watu wengi wa Lubumbashi wameanza kumfuga. Watoto humpenda kwa sababu haumi ovyo, na wazazi humpenda kwa sababu hana gharama kubwa. Wanaosema Kifaransa humwita kobayi. Huko Kivu wengi humwita dende. Sisi katika somo hili tutamwita simbilisi.

Tutajifunza kwanza tabia zake, kisha matunzo yake. Mwishoni tutaona jambo ambalo simbilisi anafanana nalo na mwanadamu, nalo ni jambo kubwa kwa kila mama anayepika.

1. NI MNYAMA GANI?

Simbilisi ni mnyama mdogo mnene, mwenye miguu mifupi na masikio madogo. Hana mkia unaoonekana. Miguu yake ya mbele ina vidole vinne vinne, na ya nyuma vitatu vitatu. Mkubwa huwa na uzito wa gramu 700 hata 1,200. Akitunzwa vizuri huishi miaka mitano hata minane.

Meno yake ni 20, nayo hayaachi kukua siku zote za maisha yake. Kwa hiyo ni lazima atafune nyasi kila siku ili meno yasagike. Asipotafuna, meno huwa marefu kupita kiasi, naye hushindwa kula na kufa kwa njaa mbele ya chakula chake.

Utamwona pia akila kinyesi chake kilicho laini. Usimzuie, wala usidhani ni ugonjwa. Chakula cha majani ni kigumu kuyeyuka tumboni, naye hukipitisha mara ya pili ili apate nguvu iliyobaki ndani yake.

Simbilisi hapendi kukaa peke yake. Hupiga mluzi akisikia mtu anakata nyasi, na hutetemesha sauti akitishwa. Kwa hiyo yafaa kuwafuga wawili au zaidi pamoja.

2. ALITOKA WAPI?

Waingereza humwita nguruwe wa Guinea, na Wafaransa wa zamani walimwita nguruwe wa India. Majina yote mawili si kweli. Si nguruwe, hakutoka Guinea, wala hakutoka India. Kwao ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru, Bolivia na Ecuador. Watu wa milima hiyo walimfuga kwa ajili ya nyama miaka elfu kadhaa iliyopita, kabla ya Wazungu kufika kwao. Katika kanisa kubwa la mji wa Cuzco, Peru, kuna picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata katika karne ya 18. Katikati ya meza, ndani ya sahani, amechora mnyama ambaye wengi husema ni simbilisi, maana ndiyo nyama ya sikukuu waliyoijua watu wa huko.

Wahispania walimpeleka Ulaya katika karne ya 16, na baadaye akafika Afrika. Siku hizi anafugwa na watu wengi mashariki ya Kongo. Huko Kivu mara nyingi yeye ni mali ya mama na watoto. Mtoto huuza mmoja apate daftari za shule. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwanyang'anya watu wengi ng'ombe na mbuzi wao. Lakini simbilisi aweza kufichwa, tena aweza kubebwa ndani ya kikapu mtu akikimbia. Wachunguzi wa Université Evangélique en Afrique ya Bukavu ni kati ya waliofanya kazi ya kuboresha ufugaji huo.

3. JINSI ALIVYOWASAIDIA WAGANGA

Wagonjwa wengi hawajui kwamba wana deni kwa mnyama huyu. Mwaka 1882 Robert Koch wa Ujerumani alionyesha kijidudu cha kifua kikuu, na alitumia simbilisi ili kuthibitisha kwamba kijidudu kile ndicho kinacholeta ugonjwa. Kwa miaka mingi baadaye, hospitali zilizotaka kujua kama mtu ana kifua kikuu zilimtia simbilisi makohozi ya mgonjwa na kungoja majuma kadhaa. Damu yake pia ilitumika katika kipimo cha kaswende cha Wassermann, kilichoanza mwaka 1906. Leo tunavyo vipimo vya upesi, na kazi hiyo imekwisha.

Lakini somo kubwa kuliko yote lilitoka Norwei mwaka 1907. Waganga wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tu, bila majani mabichi. Baada ya muda mfupi wanyama wakavimba viungo, ufizi ukaoza, damu ikavuja ndani ya mwili, wakafa. Ulikuwa ni ugonjwa uleule wa mabaharia wa zamani, yaani kiseyeye. Walipowapa wengine mboga mbichi na matunda, hawakuugua.

4. KITU ASICHOWEZA KUJITENGENEZEA

Kwa nini simbilisi aliugua, na panya hakuugua? Kwa sababu mwili wa panya, wa mbwa, wa mbuzi na wa wanyama wengine wengi hutengeneza vitamini C wenyewe. Mwili wa simbilisi hauwezi. Na mwili wa mwanadamu hauwezi pia. Katika jambo hili sisi na simbilisi tu ndugu: ni lazima tuile kila siku, maana mwili hauiweki akiba ya muda mrefu.

Simbilisi anahitaji miligramu 10 hata 20 za vitamini C kila siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye mimba anahitaji kufika 30. Akiikosa, dalili huanza kuonekana baada ya majuma mawili hivi:

(a) Manyoya yanasimama na kukosa kung'aa.
(b) Hataki kutembea. Ukimgusa magoti analia.
(c) Ufizi unatoka damu, naye anaacha kula.
(d) Anaharisha na kukonda.
(e) Kidonda kidogo hakiponi.

5. TUFIKIRI HABARI YA NYUMBA MOJA

Tuseme baba mmoja wa Katuba alinunua simbilisi wanne mwezi wa Februari. Wakati wa mvua watoto waliwakatia nyasi mbichi kando ya nyumba, wanyama wakazaa, wakawa tisa. Mwezi wa Mei mvua ilikatika. Mwezi wa Julai nyasi zote zilikuwa kavu, na watoto wakawapa pumba za mahindi na maganda makavu. Wanyama walishiba, matumbo yalijaa. Lakini mwezi wa Agosti mmoja alianza kuchechemea, akafa. Juma lililofuata wakafa watatu.

Ndipo maneno yakaanza. Mmoja alisema mama jirani, aliyekuwa akija kuwatazama na kuwasifu, ana jicho baya. Mwingine alisema ametupa sumu usiku. Watoto wakakatazwa kwenda kwake. Mama yule alikuwa mjane, naye alikaa siku nyingi bila mtu wa kumsalimu.

Msomaji, utazame vizuri. Hakuna jicho baya katika habari hii, wala hakuna sumu. Kulikuwa na bakuli lenye pumba tupu. Kama baba angaliongeza kila siku konzi ya lengalenga au kipande cha pera, wanyama wangaliishi, na ujirani haungalivunjika. Basi mnyama akifa nyumbani mwako, tazama kwanza alichokula, maji aliyokunywa na mahali alipolala. Usitazame kwanza mlango wa jirani. Na mtoto akiugua, fanya vilevile: mpeleke hospitalini, wala usitafute mtu wa kumshitaki.

6. NYUMBA YAKE

Watu wengine huwaacha simbilisi watembee jikoni, chini ya meza na kando ya moto. Desturi hii si nzuri. Kinyesi chao huchanganyika na chakula, watoto watambaao hukishika na kukitia kinywani, na wanyama wenyewe huungua au kukanyagwa. Tena vijidudu vya kuharisha vyaweza kutoka kwa mnyama na kumfikia mtu.

Mtengenezee sanduku la mbao au kibanda cha matofali nje ya chumba cha kulala na nje ya jiko. Kwa simbilisi wawili sanduku lisipungue mita 1 kwa sentimita 70. Liinue juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie na panya, nyoka na paka wasifike. Panya akiingia, yeye hula chakula na huleta viroboto na magonjwa. Usifikiri kwamba simbilisi huwafukuza panya. Chakula kinachomwagika huwaita.

Sakafu ya waya huumiza nyayo zao. Ni afadhali mbao au saruji, na juu yake nyasi kavu. Ondoa nyasi zilizolowa kila siku ya pili, na usafishe sanduku lote kila juma. Samadi yake ni nzuri sana kwa bustani ya mboga, ikiozeshwa kwanza.

Simbilisi hastahimili joto. Mwezi wa Oktoba, jua la Lubumbashi likiwa kali, sanduku la bati bila kivuli laweza kumwua kwa saa chache. Kuanzia digrii 30 yumo hatarini. Lakini baridi ya usiku wa Juni na Julai nayo humletea ugonjwa wa mapafu. Kwa hiyo wakati wa joto mpe kivuli na hewa. Wakati wa baridi ziba upande wa upepo na umwongezee nyasi za kulalia.

7. CHAKULA CHAKE

Nyasi ndizo chakula chake kikubwa, mbichi au kavu, na ziwepo mchana na usiku. Juu ya nyasi umpe majani mabichi kila siku: lengalenga, matembele, majani ya mahindi machanga. Umpe pia kipande kidogo cha pera, papai au chungwa. Pumba za mahindi zamfaa kama nyongeza tu, kiasi cha konzi moja.

Maji safi yawepo kila siku. Si kweli kwamba simbilisi hahitaji maji. Wakati wa mvua hupata maji mengi ndani ya nyasi, lakini wakati wa kiangazi atakufa kwa kiu.

Usimpe vitu hivi:

(a) Majani mabichi ya muhogo. Sombe mbichi ina sumu. Sisi wenyewe huitwanga na kuipika ili sumu itoke.
(b) Majani ya avoka, ya nyanya na ya viazi vya kizungu.
(c) Chakula kilichooza au chenye ukungu.
(d) Bukari, mkate mwingi, sukari na nyama.
(e) Nyasi za kando ya barabara kuu na za mifereji ya maji machafu.

Juu ya jambo hili la mwisho, watu wa mji wetu waangalie sana. Wachunguzi wa Université de Lubumbashi wamepima udongo wa mahali palipopigwa na moshi wa bomba kubwa la Gécamines kwa miaka mingi, wakakuta shaba, risasi na kadmio kupita kiasi. Mnyama anayekula majani yenye vumbi la metali huyaweka mwilini mwake, na anayekula mnyama huyo huyapokea. Kata nyasi mbali na machimbo na viwanda, na uzioshe kwa maji safi.

8. UZAZI WAKE

Jike hubeba mimba siku 68 hivi, wakati panya hubeba siku 21 au zaidi kidogo tu. Ndiyo maana watoto wa simbilisi huzaliwa wamekamilika: wana manyoya, meno, na macho yaliyofunguka. Baada ya saa chache hukimbia, na siku ya pili huanza kuonja majani. Kwa kawaida huzaliwa wawili hata wanne. Mama ana chuchu mbili tu, lakini hunyonyesha wote kwa zamu.

Shika sheria tatu. Kwanza, uwatenge watoto wa kiume wakifika majuma matatu, maana simbilisi hukomaa upesi, na ndugu watazaana. Pili, jike asipandwe kabla ya miezi mitatu, bali azae mara ya kwanza kabla ya miezi saba. Akichelewa, mifupa ya nyonga hushikamana, naye atakufa wakati wa kuzaa. Tatu, umtenge dume kabla jike hajazaa, kwa sababu jike aweza kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Kuzaa bila kupumzika humdhoofisha mnyama, kama vile kunavyomdhoofisha mama wa nyumba.

Kila mwaka badilishana dume na mfugaji mwingine. Dume mmoja akizaa na binti zake, uzao huwa dhaifu.

9. MAGONJWA NA USAFI

Mnyama akijikuna mpaka manyoya yakatoka, yaelekea ana utitiri wa ngozi. Mtenge na wenzake, na uulize mganga wa mifugo. Akiwa na duara zisizo na manyoya, aweza kuwa na choa, na ugonjwa huu huwaambukiza watoto. Mtoto akipata duara kama hizo kichwani au mkononi, mlete zahanati.

Usimpe simbilisi dawa za binadamu. Penisilini, ampisilini na amoksisilini, zikipitia kinywani, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake, naye hufa baada ya siku chache. Wengi wamewaua wanyama wao kwa dawa waliyoinunua ili kuwaponya.

Usimweke pamoja na sungura. Sungura aweza kubeba kijidudu cha mapafu bila kuugua, lakini simbilisi huugua na kufa.

Watoto wafundishwe kumshika kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya matako. Baada ya kumshika wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Akimwuma mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, kisha uende zahanati. Na kama mtoto amempa mnyama jina, mwambieni tangu mwanzo kama atachinjwa au atatunzwa tu. Si vizuri mtoto ajue jambo hilo mezani.

Nyama yake ni njema na inajenga mwili, lakini ipikwe mpaka iive kabisa. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, azikwe.

10. USILETE MNYAMA WA PORINI

Watu wengine, wakiona faida ya simbilisi, huleta kindi au panya buku kutoka msituni na kumfuga. Jambo hili ni la hatari. Ugonjwa wa mpox ulionekana kwa mara ya kwanza kwa mwanadamu mwaka 1970, huko Basankusu katika nchi yetu, kwa mtoto mchanga. Mwaka 1985 kirusi chake kilipatikana ndani ya kindi wa Kongo. Na mwaka 2003 wanyama wadogo wa porini waliotoka Ghana walipelekwa Marekani kuuzwa kama wanyama wa nyumbani. Kati yao walikuwamo panya buku wenye kirusi hicho. Waliwekwa karibu na wanyama wengine, wakawaambukiza, na watu 47 waliowanunua au kuwatunza wakapatwa na ugonjwa au kudhaniwa kuwa nao. Basi fuga mnyama aliyezaliwa katika mikono ya watu. Wa porini umwache porini.

11. FUNDISHO KWA MWILI WETU

Tumesema kwamba simbilisi na mwanadamu ni ndugu katika jambo la vitamini C. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kila siku. Mama mwenye mimba 55. Mama anayenyonyesha 70. Pera moja la kiasi lina zaidi ya hizo. Kumbe dawa iko juu ya mti uani!

Mtu akiikosa kwa mwezi mmoja hata mitatu, huchoka, ufizi huvimba na kutoka damu, ngozi hupata madoa ya damu, na vidonda haviponi. Mtoto mdogo hulia akishikwa miguu, wala hataki kusimama. Mara nyingi watu hudhani amepooza.

Mama mpendwa, vitamini C huharibika kwa moto na humwagika pamoja na maji. Sombe ipikwe muda mrefu, maana ina sumu; lakini kwa sababu hiyo usiihesabu kuwa chakula cha vitamini C. Lengalenga na matembele zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe upesi kwa maji machache, na mchuzi wake usimwagwe. Na kila mtu wa nyumba ale tunda moja bichi kila siku: pera, embe, papai, chungwa au ndimu. Wakati wa kiangazi, mboga zinapopungua na kupanda bei sokoni Kenya, ndipo tuangalie zaidi. Ukikumbuka kumpa simbilisi wako jani bichi asubuhi, ujiulize pia: Je, mtoto wangu amepata lake?

MAMBO YA KUKUMBUKA

Nyasi kila siku, majani mabichi kila siku, maji kila siku.
Nyumba kavu, yenye kivuli, nje ya jiko.
Mikono ioshwe kwa sabuni.
Dawa za watu si za simbilisi.
Tunda bichi kwa mnyama, na tunda bichi kwa mtoto.

MASWALI

1. Kwa nini meno ya simbilisi yanahitaji nyasi?
2. Holst na Frølich waliona nini mwaka 1907?
3. Katika habari ya nyumba ya Katuba, ni nini kilichowaua wanyama? Je, mama jirani alikosa nini?
4. Taja vyakula vinne ambavyo simbilisi asipewe.
5. Kwa nini dume hutengwa kabla jike hajazaa?
6. Nyumbani mwako, jana kila mtoto alikula tunda gani?